Maumivu Si Mlinzi wa Jicho

Usiku mmoja wa kaskazi, katika nyumba yetu ya Pangani, shangazi yangu alijilaza mkekani kwa ubavu wa kulia, shavu lake likazama katika mto wa sufi, ilhali mimi, mwanafunzi wa darasa la saba, nimeinamia daftari mbele ya taa ya chemli iliyokuwa ikiwaka juu ya meza, na baada ya kitambo akauliza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuanza kusinzia, "Nani kaizima taa?" Nikamjibu, "Haijazimwa, shangazi, inawaka." Akainua kichwa, akaiona inawaka, akakilaza tena, taa ikatoweka. Alifanya hivyo mara tatu, kisha akaketi kitako, akalifunika jicho la kulia kwa kiganja, akakaa kimya kwa muda ambao mpaka leo naukumbuka kuwa mrefu. Jicho lake la kushoto, ambalo halikupata kumuuma wala kuwa jekundu hata siku moja, lilikuwa limekwisha kufa, limebakiwa na ukungu mwembamba tu wa nuru upande wa sikio, na mwenyewe hakuwa na habari.

Tabibu wa macho aliyemwona baadaye alimwambia kuwa maradhi yale huitwa presha ya macho, na kwamba yamkini yalikuwa yakimla kwa miaka mingi kabla ya usiku ule. Shangazi alikuwa mwanamke mwangalifu, asiyeacha hata mwiba mdogo ulale mguuni mwake, na jino likimgusa leo, kesho yuko kwa tabibu. Kwa hiyo kilichomhuzunisha zaidi ya kupotewa na jicho ni kule kutoarifiwa. "Lingeniuma," alikuwa akisema, "ningelisikia." Neno hilo ndilo lililonifanya nijifunze umbo la jicho kadiri nilivyoweza, na ndilo linifanyalo niandike makala haya, kwa kuwa watu wengi niwajuao wanaishi kwa itikadi ile ile ya shangazi, kwamba jicho lisilouma ni jicho zima, nao hawajui kuwa katika kiungo hiki maumivu yamewekwa kuwa bawabu wa mlango wa mbele tu, na kwamba vyumba vya ndani, mlimohifadhiwa hazina yenyewe, havina bawabu.

Natuanze basi mlangoni. Jicho la mtu mzima ni tufe lenye upana wa milimita 24 hivi, kama kunazi lililoshiba, nalo limelazwa katika pango la mifupa ya fuvu juu ya godoro la mafuta, likigeuzwa huku na huku na misuli sita. Nyusi huzuia jasho, kope hufunika na kupangusa, na tezi iliyojificha juu ya pembe ya nje ya jicho hutoa machozi, ambayo hutandazwa kila tunapopepesa, kisha hushukia katika vijitundu viwili vilivyo kwenye pembe ya ndani na kuingia puani. Ndiyo sababu mwenye kulia hupenga kamasi, na ndiyo sababu mwenye kutia dawa jichoni huonja uchungu wake kooni. Weupe wa jicho ni ala ngumu inayoshika umbo la tufe zima, lakini mbele, mahali pa kupitia nuru, ala hiyo hugeuka kuwa kioo safi, ambacho matabibu hukiita konea. Unene wake katikati ni kama nusu milimita. Hakina hata mshipa mmoja wa damu, maana damu ingekitia rangi na kuizuia nuru, kwa hiyo hewa yake hukipata kutoka nje, kupitia machozi. Walakini kilichonyimwa damu kimejaliwa fahamu maradufu: hakuna mahali katika mwili wa binadamu palipojaa nyuzi za maumivu kuliko konea, na hivyo chembe ya mchanga ambayo mkononi usingeihisi, hapo huwa jabali.

Bawabu huyu ni mwaminifu, nasi aghalabu tunamkosea kwa haraka zetu za kumnyamazisha. Kibanzi kikiingia jichoni, mkono hukimbilia kufikicha, na kufikicha ndiko kunakokigeuza kibanzi kuwa msasa. Pepesa ndani ya maji safi, au shika ukope wa juu uuvute juu ya ule wa chini ili kope za chini zikifagie. Kikigoma, au jicho likaendelea kuchoma hata siku ya pili, nenda hospitali. Aliyechomwa na mwiba wa mkonge au kukwaruzwa na jani la muhindi asikawie hata hiyo siku ya pili, kwa sababu mimea huacha kuvu ndani ya kidonda, na kuvu hula konea polepole mpaka kioo kinakuwa kovu jeupe. Nasikitika kusema kwamba makovu mengi niliyoyaona mashambani hayakuletwa na mwiba, bali na dawa: mtu hutiliwa maji ya majani, au mkojo, au maziwa ya mzazi, au hununua dukani matone yaliyomponya jirani, na kumbe matone hayo yana steroidi, ambayo hutuliza wekundu na kumpa mgonjwa furaha ya siku tatu, huku chini yake kuvu wakistawi kama wamewekewa mbolea. Sikatai kuwa wazee wetu walikuwa na tiba nyingi zenye manufaa. Ila konea si mahali pa kujaribia.

Lipo jambo moja ambalo ningependa kila nyumba ya pwani ilijue, na nalirefusha makusudi. Mafundi wetu hukoroga chokaa na saruji kila siku, watoto hucheza kando yao, na tone moja la uji huo likiruka jichoni huleta madhara yapitayo hata ya tindikali kali; kwani tindikali huigandisha ngozi ya juu ya jicho na kwa hivyo hujizibia njia yenyewe, lakini chokaa huiyeyusha na kuzidi kuzama, na yaweza kuendelea kuzama hata baada ya maumivu ya kwanza kupoa. Hapo dakika za mwanzo ndizo tiba. Usimtafutie mtu gari kwanza, wala usiulize maji yamechemshwa au hayakuchemshwa. Mshike kichwa, mfumbue kope kwa vidole vyako hata akipiga kelele, ukamimine maji safi yaliyo karibu, ya kata au ya bomba, kwa muda wa nusu saa pasipo kukoma, ukigeuza ukope wa juu na kuondoa kila punje ya chokaa iliyojificha chini yake, ndipo umpeleke hospitali. Nilimshuhudia kijana mmoja, msaidizi wa fundi, aliyeokolewa na mama muuza maandazi aliyemvuta kwa shingo mpaka kwenye pipa lake la maji, wakati wenziwe wangali wanashauriana nani ana baiskeli.

Katika mikoa mikavu ya bara, adui mkubwa wa mlango huu ni vikope, maradhi ambayo matabibu huyaita trakoma. Kijidudu chake huchukuliwa na vidole, na kitambaa anachopangusiwa mtoto huyu na yule, na nzi wanaotua kwenye matongo ya watoto. Na kikimrudia mtu mara kwa mara tangu utotoni, ndani ya ukope hujaa makovu, ukope ukajikunja, na kope zenyewe, zilizoumbwa kuwa ufagio, zikawa sindano zinazoikwaruza konea kila mtu anapopepesa. Wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, ambako vikope vilichunguzwa kwa miaka mingi, ilidhihirika kuwa nyuso safi za watoto ni sehemu ya tiba kama dawa yenyewe, na mama anayelalamika kuwa maji ni haba ajue kuwa kuosha uso wa mtoto hakuhitaji ndoo, kwani kikombe kimoja kikitumiwa vizuri kinatosha. Kwa sababu iyo hiyo, kijiti cha wanja kiwe cha mtu mmoja, kama mswaki. Na wanja wa jiwe la kusaga, ambao mara nyingi huwa na risasi ndani yake, usipakwe mtoto mchanga kabisa. Urembo wake umetimia pasipo huo.

Nuru ikishapita konea hukuta pazia la rangi, jeusi au la kahawia kwa wengi wetu, ambalo katikati yake mna tundu tuliitalo mboni. Pazia hilo hujikaza penye nuru kali na kujilegeza gizani, bila ya hiari ya mwenyewe. Nyuma yake imening'inia lenzi, punje laini yenye umbo la dengu iliyo angavu kama maji, ambayo hunenepa tunapotazama kilicho karibu na kukonda tunapotazama mbali, ikivutwa na kuachiwa na msuli mdogo unaoizunguka.

Namna vitu hivi vinavyofanya kazi pamoja niliijua kwa macho kabla ya kuisoma. Katika chumba cha wageni cha nyumba yetu dirisha la mbao lilikuwa na tundu la msumari, na saa za adhuhuri, dirisha likifungwa, juu ya ukuta uliopakwa chokaa ilionekana njia ya mbele ya nyumba, na watu wakipita, na mnazi wa jirani, vyote vimepinduka miguu juu kichwa chini, na rangi zao hafifu kama za ndotoni. Sisi watoto tulidhani ni mashetani. Mjomba wangu, aliyekuwa fundi saa, alitucheka, akatueleza kuwa nuru ya juu hupita tunduni ikashuka, na ya chini ikapanda. Yapata miaka elfu moja iliyopita, Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra na kufia Kairo, alifanya majaribio ya nuru katika vyumba vya giza kama kile chetu, na katika kitabu chake cha al-Manadhir alivunja dhana iliyorithiwa kwa Wayunani, ya kwamba jicho hurusha miali yake nje likavipapasa vitu; yeye alithibitisha kuwa nuru ndiyo iingiayo, na miongoni mwa hoja zake ni hii nyepesi, kwamba mwenye kulitazama jua huumia, na hakuna anayeumizwa na kitu alichokitoa mwenyewe. Mwaka 1604 Johannes Kepler akaonyesha kuwa picha huangukia ukuta wa nyuma wa jicho, nayo imepinduka. Mwaka 1637 Mfaransa René Descartes akaeleza jinsi ya kuiona picha hiyo: uchukue jicho la ng'ombe, ulichune nyuma, uweke karatasi nyeupe au ganda la yai, kisha ulielekeze kwenye nuru.

Mjomba alitufanyia jambo hilo Idi moja ya kuchinja. Akalisafisha jicho la fahali, akalipunguza ala ya nyuma kwa wembe, taratibu, kama anayefungua saa ya mkononi, akalielekeza dirishani. Na pale nyuma, katika duara isiyopita ukucha wangu, nikaliona dirisha letu lote, nondo zake na mnazi nje yake, limesimama kichwa chini, likiwa zuri na timilifu kuliko picha ya ukutani. Baadaye akalipasua akatuwekea lenzi juu ya gazeti, herufi zikakua. Tangu siku hiyo sikuweza tena kuliona jicho kuwa ni kitobo tu cha kupitishia ulimwengu. Ni chumba, na chumba huwa na kuta zinazoweza kuingiwa na unyevu.

Lenzi huzeeka mapema kuliko tunavyopenda. Kila mwaka huwa ngumu kidogo, na mtu afikapo miaka 40 na kitu, msuli huvuta na kuachia lakini lenzi haitii tena, ndipo utamwona akiusogeza Msahafu au gazeti mbali mpaka mkono unamwishia, au akimwita mjukuu amtungie uzi sindanoni. Hilo si maradhi wala si fedheha, na miwani ya kusomea haimlegezi mtu macho kama isemwavyo. Lakini nakusihi, msomaji, usiinunue miwani hiyo kando ya njia ukaridhika, kwa maana umri huo wa miwani ndio umri ambao maradhi ya ndani yaliyo bubu huanza. Mwendee mpimaji wa macho, mwombe akutazame na vyumba vya nyuma, ukifanya safari moja kwa haja mbili. Lenzi ikizidi kuzeeka huingiwa na ukungu, nao ndio mtoto wa jicho, unaoifanya taa ya gari kuwa na mashada ya nuru na nyuso za watu kuwa kama zimefunikwa shashi. Hakuna matone wala mizizi inayouondoa. Huondolewa kwa kupasuliwa, na mahali pa lenzi iliyotolewa huwekwa nyingine ya kubuni, hekima iliyoanza mwaka 1949 katika hospitali ya St Thomas' jijini London, pale Harold Ridley alipokumbuka kwamba vipande vya plastiki ya madirisha ya ndege vilivyowaingia marubani wa vita machoni havikuwaletea uvimbe, akatengeneza lenzi ya plastiki ya namna ile ile. Wazee wengi husubiri "mtoto aive." Zamani ilikuwa lazima, leo si lazima, na anayesubiri hupoteza miaka ya kuwaona wajukuu na kujitafutia kuanguka ngazini.

Sasa tuingie ndani. Nyuma ya lenzi tufe limejazwa ute mzito uliotulia, na nyuma ya ute, ukuta umetandikwa utando mwembamba uitwao retina, ambao ndio hasa unaoona, kwani sehemu zote nilizozitaja hapo juu ni watumishi wake. Ndani yake mna chembe za namna mbili: moja, kiasi cha milioni 120, hufanya kazi gizani na hazijui rangi, nyingine, kiasi cha milioni 6, zimesongamana katikati, nazo hutupa rangi na herufi ndogo. Chembe za giza hutumia dutu inayotengenezwa kwa vitamini A, na kila nuru inapoipiga huvunjika, ikalazimika kuundwa upya. Hicho ndicho kisa cha kuwa utokapo juani ukaingia ghalani huoni kitu, na baada ya nusu saa waona hata panya. Mtoto aliyekosa vitamini hiyo hujikwaa kila magharibi ilhali wenziwe wanacheza, na watu humwita mzembe. Dawa yake imo jikoni: mchicha, matembele, kisamvu, papai, embe, maini, mawese kwa ndugu zetu wa Kigoma na Kongo, na kwa kuwa vitamini hii huyeyuka katika mafuta, bibi zetu walipoyaunga majani kwa tui la nazi walikuwa wakimfikishia mtoto kile ambacho mboga ya kuchemsha tupu humfikishia kidogo tu.

Retina haina uzi hata mmoja wa maumivu. Neno hili nalirudia kwa sababu juu yake limejengwa shauri langu zima. Ichomwe, ipasuke, ivuje damu, haitasema. Mwaka 2016, tarehe 1 Septemba, jua lilipopatwa na kubaki kama pete juu ya Rujewa, mkoani Mbeya, watu walikusanyika kutoka kila upande kulitazama, na hatari ya siku kama ile ni kwamba lenzi, kama kioo cha kukusanyia moto, huielekeza miale ya jua kwenye katikati ya retina, pahala pale pa herufi na nyuso, ikapaunguza huku mtazamaji hasikii hata joto, akalala vyema, na asubuhi akauona uso wa mkewe una doa la kijivu mahali pa pua. Miwani ya jua haisaidii, wala filamu ya eksirei, wala kutazama ndani ya beseni la maji. Itumike miwani maalumu ya kutazamia jua, au itobolewe karatasi na kuitazama picha ya jua inayoanguka ardhini, kwa kanuni ile ile ya tundu la msumari.

Vilevile mwenye kisukari. Sukari ikizidi kwa miaka huidhoofisha mishipa midogo ya damu iliyomo retinani, ikavimba, ikavuja, na mgonjwa huendelea kusoma na kuendesha baiskeli kama kawaida mpaka siku mshipa unapopasuka. Mwenye maradhi hayo na atazamwe retina kila mwaka, naye aende akiwa anaona vizuri, kwa kuwa faida yote imo katika kwenda wakati anaona vizuri. Na mtu yeyote, mwenye kisukari au asiye nacho, akiona ghafla vimulimuli pembeni, au kundi la vidoa vyeusi kama inzi, au kivuli kinachoshuka mfano wa pazia, asingoje kuumwa, maana huenda retina inabanduka ukutani, na hesabu yake ni ya siku, pengine ya saa.

Presha ya macho, iliyomwibia shangazi, haihusiani na presha ya damu, ingawa majina yamefanana na watu huchanganya vidonge kwa sababu hiyo. Katika chumba kilicho kati ya konea na lenzi maji safi hutengenezwa na kutoka mchana na usiku, na mfereji wa kutokea ukizibana, shinikizo hupanda, likaulemea mshipa wa jicho, ambao ni kamba ya nyuzi zipatazo milioni moja inayopeleka habari ubongoni. Nyuzi hufa chache chache, zikianza na zile za pembeni. Wako hata watu ambao mshipa wao hufa kwa shinikizo la kawaida, kwa hiyo tabibu mzuri hatosheki na kipimo cha shinikizo, bali huutazama na mshipa wenyewe. Ipo aina inayokuja kwa kishindo, jicho likawa jekundu, kichwa kikapasuka na mtu akatapika. Huyo hana haja ya ushauri wangu, maana miguu yake itampeleka. Wa kushauriwa ni wengine, nao ndio wengi, hususan sisi wenye asili ya Afrika, ambao maradhi haya hutupata mapema na kwa ukali zaidi, na hususan aliye na mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyeugua. Nyuzi zilizokufa hazifufuki. Kinachowezekana ni kuzilinda zilizobaki.

Utauliza: mtu atakosaje kujua kuwa nusu ya uwanja wake imepotea? Chora msalaba mdogo upande wa kushoto wa karatasi, na nukta nene upande wa kulia, umbali wa sentimita 7. Fumba jicho la kushoto, ukazie la kulia kwenye msalaba, sogeza karatasi polepole usoni. Ikifika kiasi cha sentimita 25, nukta itatoweka. Imeangukia pahali mshipa unapotokea, ambapo hapana chembe za kuonea, nasi sote tumezaliwa na kipofu huyo mdogo katika kila jicho, aliyegunduliwa na Mfaransa Edme Mariotte katika miaka ya 1660. Lakini angalia vizuri: mahali pa nukta huoni shimo wala giza. Waona karatasi. Ubongo umechukua weupe wa kando ukapaziba, bila ya kukuomba ruhusa, na jicho la pili, likiwa wazi, hukufidia lililobaki. Wema huu huu ndio uliomficha shangazi msiba wake, ukimziba kila pengo jipya kwa rangi ya ukuta ulio kando yake, mpaka mto wa sufi ulipolitenga jicho moja na mwenziwe.

Kwa hiyo jizoeze kuyapima macho yako mbali mbali, mara moja kila mwezi, kwa kulifunika moja na kuitazama kalenda ya ukutani, kisha la pili, ukiangalia kama mistari imenyooka na kama pembe zote nne zipo. Jaribio hili halimfikii tabibu, kwa sababu pembe zikianza kupotea mengi yamekwisha kupita. Atimizaye miaka 40 na akapimwe hospitali hata kama kalenda yake ni nzima.

Watoto wafanyiwe mapema zaidi, nao kwa mchezo, kwani mtoto hajui kuwa wengine wanaona zaidi yake. Akinyamaza ukilifunika jicho moja na kulia ukilifunika la pili, amekwambia lipi analolitegemea. Makengeza yanayodumu si alama ya bahati wala si kitu cha kuachiwa ukubwa: ubongo wa mtoto hulipuuza jicho lililopotoka, na baada ya umri wa miaka 7 au 8 aghalabu hukataa kabisa kulisikiliza, hata likinyoshwa. Na mboni ya mtoto ikionekana nyeupe, au iking'aa usiku kama ya paka, mchukue hospitali juma hilo hilo, kwa kuwa yaweza kuwa saratani ya retina, ambayo ikiwahiwa hutibika na ikikawia huua.

Shangazi alipewa matone ya kutia kila usiku maisha yake yote, nami nikawa mtiaji. Nilijifunza kwa makosa: mwanzoni nilimwaga matone matatu na yote yakamtiririka shavuni. Huvutwa ukope wa chini uwe kama mfuko, likaangushwa tone moja tu, ncha ya chupa isiguse kitu, kisha jicho hufumbwa na pembe ya ndani hubonyezwa kwa kidole kwa dakika mbili, ili dawa isikimbilie puani. Na kama dawa ni mbili, kati yake zipite dakika tano. Matone hayo hayakumrejeshea alichopoteza, wala hakupata kuhisi tofauti yoyote, na kuna watu waliomwambia aache dawa isiyoonyesha kazi yake. Hakuacha. Jicho la kulia lilibaki naye mpaka alipofariki, akiwa anasoma bila ya kushikwa mkono. Na kila usiku, nikishamtia tone na dakika zake kutimia, alikuwa akililaza shavu la kushoto kwenye mto, akilifumbua lile moja, akiitafuta taa ya chemli mezani. "Ipo," husema, kisha hulala.